Mwizi wa Ng'ombe wa Udongo

Usiku wa jana niliota nimeitwa kutunga wimbo wa filamu ya watoto, na aliyeniita alikuwa mwavuli.

Alikuwa mwavuli mkubwa mweusi, mpini wa mbao, ubavu mmoja umevunjika na kufungwa kwa waya. Yeye ndiye mwongozaji wa filamu. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba amechelewa kuniita, maana Rungwe nzima hakuna kijana anayevijua vina na mizani kama mimi, na sikufundishwa na mtu.

"Gwamaka," akasema Mwavuli, "hii ni filamu ya kusisimua. Inatokana na ugunduzi wa kweli. Wanaakiolojia wamechimba Kilima cha Ndulilo, wakamfukua ng'ombe wa udongo, mdogo kama ngumi. Alikuwa kichezeo cha mtoto wa zamani sana. Hadithi yenyewe ni hivi: mwizi anamwiba ng'ombe, watoto watatu wanamfukuza mwizi, ng'ombe anaokolewa, anawekwa kwenye kabati la kioo. Hapo wimbo wako unaimbwa na watu wanalia. Halafu shimo linafukiwa."

"Shimo linafukiwa kwa nini?"

"Ndiyo taratibu ya wachimbaji. Ukimaliza kuchimba, unarudisha udongo ulipoutoa. Watu wasije wakatumbukia."

"Wimbo ninao tayari," nikasema.

Tupo kilimani. Shimo limechimbwa mraba, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Pembeni yake ardhi imegawanywa kwa nyuzi, vyumba vyumba, na kila chumba kina hali yake ya hewa. Navuka uzi wa kwanza, jua. Navuka wa pili, mvua. Navuka wa tatu, najikuta kwenye gwaride la asubuhi shuleni na mwalimu wa zamu ananikagua kucha. Nageuza mikono, ananiruhusu kupita, nimerudi kilimani.

Kamera ilikuwa kuku. Alitazama tukio kwa jicho la kushoto, kisha akageuka akalitazama kwa jicho la kulia, kwa hiyo kila kitu kilichukuliwa mara mbili. Tukio likitoka vizuri, alitaga. Mayai ndiyo mkanda wenyewe. Msaidizi aliyapanga kwenye trei, na aliyapanga kwa heshima.

Nikasimama, nikasafisha koo, nikaimba ubeti wangu wa mwisho:

Ng'ombe wetu wa udongo, leo umepata kwako,
Kioo ndio mlango, taa ni za peke yako,
Watu wanyooshe shingo, wauone uso wako,
Usirudi tena chini, juu ndiko kwenu huku.

Mwavuli alifunguka kidogo kwa furaha. Kisha akasema, "Sasa lazima uchekechwe."

"Nani?"

"Ubeti. Hapa kilimani hakuna kinachotoka bila kuchekechwa."

Chekeche likaja lenyewe, linatembea kwa pembe zake nne. Likauchukua ubeti wangu, likautikisa huku na huku. Maneno yakapita chini, laini kama unga. Juu ya waya yakabaki mawili tu: *kwenu* na *huku*.

"Haya ni mawe," likasema Chekeche.

"Ni maneno."

"Neno linapita. Jiwe linabaki. Niko kwenye kazi hii tangu asubuhi."

"Wewe hujasoma shairi hata moja maishani mwako."

"Na wewe hujachekecha ndoo hata moja."

Nilitaka kulipiga teke, lakini wakati huo huo watoto wa filamu waliletwa, nikaona si vizuri kupiga chombo mbele ya watoto.

Watoto wenyewe walikuwa wastaafu. Watoto halisi wako shule, Mwavuli akaeleza, na wizara haitaki wakose vipindi. Mzee Ambakisye, aliyestaafu reli, ndiye mtoto jasiri. Bibi Tusajigwe, mkunga wa zamani, ndiye mtoto mwenye akili, kwa sababu ana miwani. Mzee Mwaipaja ndiye mtoto anayekula. Kila filamu ya watoto lazima iwe na mmoja anayekula, na Mzee Mwaipaja alikuwa na ndizi ya kuchoma mkononi na nyingine mfukoni. Wote watatu walivaa kaptula za kaki na soksi ndefu.

Hapo palizuka suala la maamkizi.

"Nikifunguka," akasema Mwavuli, "hawa ni watoto, wao watamwamkia Gwamaka. Nikijifunga, ni wazee, Gwamaka atawaamkia wao. Tuelewane mapema."

Akafunguka. Wazee watatu wakaniambia kwa pamoja, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikasema.

Akajifunga. Wakanitazama, wakasubiri.

Mimi sina kawaida ya kumwahi mtu kwa salamu. Anayenihitaji ataniamkia. Nikatazama mawingu.

"Huyu ni mtoto wa nani asiyeamkia?" akauliza Bibi Tusajigwe.

"Wa Mwakalinga, fundi baiskeli," akajibu Mzee Ambakisye.

"Mwakalinga? Mbona yule anaamkia hata mbuzi."

"Ndiyo uone. Salamu zote kazimaliza baba, mtoto hakuachiwa hata moja."

Mzee Mwaipaja akacheka mpaka ndizi ikampalia. Nilijiapiza moyoni kuwatungia wote watatu shairi la kuwaumbua, lenye beti nyingi.

"Sasa mwizi," akasema Mwavuli.

"Mwizi ni nani?"

"Wewe."

"Mimi nimekuja kama mtunzi."

"Utunzi wako umebaki kwenye chekeche. Mwizi tumemtafuta hatujampata. Kila mwigizaji tuliyemwita ana uso wa huruma. Wewe unaingia penye watu bila salamu. Tumekaa kikao hapa sasa hivi, kuku naye amekubali."

Nikavikwa kofia nyeusi. Nikafundishwa sheria za mwizi wa filamu ya watoto, nazo ni tatu. Anacheka kwa ubaya. Anakimbia. Kisha anapokaribia kabisa kutoroka, anasimama na kuwaeleza wote mpango wake kuanzia mwanzo.

"Kwa nini asimame?"

"Asipoeleza mpango, watoto watamkamata vipi? Wana miguu mifupi."

Nikamtazama Mzee Ambakisye. Alikuwa na urefu wa kushika paa.

Ng'ombe alikuwa peke yake kwenye hema la wachimbaji, amelazwa juu ya pamba. Alikuwa mwekundu, nundu ndogo, pembe moja nzima na nyingine imemeguka. Upande wa nyuma alikosa mguu. Nikamshika.

"Una mikono ya baridi," akasema.

"Samahani."

"Na huamkii. Tangu wanifukue hakuna hata mmoja aliyeniamkia. Wananipiga brashi tu. Mimi ni mkubwa kuliko wilaya yenu."

Sikumwamkia. Nilikohoa.

"Nimeusikia wimbo wako," akaendelea. "Mizani imekaa vizuri. Ila umesema juu huku ndiko kwetu. Nani alikwambia?"

"Shairi lilitaka hivyo."

"Shairi halikuzaliwa kwetu."

Sikupenda kusikia maneno hayo, tena kutoka kwa kitu chenye miguu mitatu. Nikamuuliza kwa ukali mguu wa nne ameupeleka wapi.

"Uko mkononi mwa mama."

"Mama yako nani?"

"Aliyenifinyanga. Ana miaka minane." Akaendelea kama mtu anayepanga maneno. "Alinibandika miguu mitatu, maji yakaisha wa nne akiwa ameushika mkononi. Akaniegemeza ukutani nikauke, akaenda kuchota mengine. Huku nyuma ukuta ukaniangukia. Akarudi, hakuniona. Yuko chini kabisa, tabaka ambalo wachimbaji hawakulifikia kwa sababu filamu ilianza. Ananitafuta, na mguu ameushika. Udongo wake haujakauka mpaka leo kwa sababu hajauachia."

"Miaka yote hiyo?"

"Kwake ni mchana mmoja. Lakini ni mchana mrefu, na analia. Mimi namsikia. Nyinyi mna kelele."

Nikasikiliza. Kwa mbali, chini ya hema, chini ya majani na mawe, kulikuwa na sauti kama ya mtu anayevuta kamasi.

"Jioni shimo linafukiwa," akasema ng'ombe. "Nikiingia kwenye kabati lenu, atanitafuta mpaka dunia iishe. Kwa hiyo niibe."

"Nitakuiba. Imo kwenye hadithi."

"Hapana, Gwamaka. Niibe kweli."

Mwavuli akafunguka. Tukio limeanza.

Natoka hemani na ng'ombe kwapani. Nacheka kwa ubaya. Kuku ananitazama kwa jicho moja, halafu kwa la pili, halafu anataga. Watu wanapiga makofi. Nakimbia.

Navuka uzi, mvua inanilowesha. Navuka uzi, nipo jikoni kwa Shangazi Sekela, na yeye yupo, ameinama mbele ya sufuria la kande.

"Onja chumvi," ananiambia.

"Shangazi, nafukuzwa."

"Onja kwanza."

Naonja. "Haijakolea."

"Haya, nenda."

Navuka uzi, mwalimu wa zamu ananikagua kucha. Ana wasiwasi na kidole gumba cha kushoto. Nyuma yangu nasikia soksi ndefu zikija.

"Mwizi," anasema Mzee Ambakisye, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuchelewa kwa treni.

"Kimbia wewe, mimi nafikiri," anasema Bibi Tusajigwe. "Ndiyo kazi yangu kwenye hadithi."

"Goti hili limekataa."

"Nilikukanda goti hilo mwaka gani? Ungesikia mapema."

Mzee Mwaipaja anakula huku anakimbia, na kati ya wote ndiye mwenye kasi.

Nafika ukingoni mwa shimo. Mbele yangu kuna ngazi ya miti inayoshuka. Hatua moja tu na nimeponyoka. Miguu inagoma. Naisukuma, haisogei. Nageuka kuwakabili, kifua kinajaa pumzi, mdomo unafunguka wenyewe.

Ndiyo ile sheria ya tatu. Nimefika mahali pa kueleza mpango.

Na mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Ulikuwa umeshajipanga kichwani kwa beti, una vina vya kati na vya mwisho, sijawahi kutunga kitu kama kile.

"Usieleze," akasema ng'ombe kutoka kwapani.

"Ubeti mmoja tu."

"Gwamaka."

"Basi mstari wa mwisho peke yake."

"Ukimaliza huo mstari watakuwa wamekushika shati, na mama yangu atafukiwa. Chagua."

Wazee wanakuja. Mwavuli yuko juu yao, amefunguka mpaka mbavu zinalia. Mdomo wangu uko wazi na hauwezi kufungwa bila kitu kutoka. Nikavuta beti zote nikazimeza. Zilishuka vibaya, kama muhogo mkavu. Kikabaki kitu kimoja tu ambacho sikuwa nimewahi kukitumia, nikakitoa.

"Shikamooni," nikasema.

Wazee watatu walisimama palepale. Mzee Mwaipaja alikuwa na mguu mmoja hewani. Akauweka chini taratibu.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Ambakisye. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Baba hajambo?"

"Hajambo." Nikashuka ngazi moja.

"Baiskeli yangu kaimaliza?"

"Bado breki."

"Mfukuzeni," akasema Mwavuli.

"Tunaamkiana, baba," akasema Bibi Tusajigwe. "Subiri." Kisha akaniinamia. "Marahaba, mjukuu. Shangazi yako Sekela hajambo? Miguu yake?"

"Inaendelea vizuri." Nikashuka nyingine.

"Hii ni filamu," akasema Mwavuli. "Nimefunguka. Nyinyi ni watoto. Watoto hawaitikii marahaba."

"Mtu ameniamkia," akasema Mzee Ambakisye. "Nimkimbize kama kuku? Samahani," akamwambia kamera.

Ikawa zamu ya Mzee Mwaipaja. Alimeza kwanza.

"Huko kwenu mvua zipo?"

"Zipo, baba."

"Migomba?"

"Imesimama."

"Ng'ombe?"

"Ninaye hapa."

"Hajambo?"

"Ana miguu mitatu."

"Ooh. Pole yake. Mpe pole."

"Zimefika," akasema ng'ombe.

Kwa kila jibu nilishuka kipandio kimoja, na maswali ya nyumbani kwetu ni mengi. Walipofika kwa wajomba, kichwa changu kilikuwa chini ya ukingo.

Ndani ya shimo umri unahesabiwa kwa kina. Kilicho chini yako ni mkubwa wako, na ngazi haishuki mpaka umwamkie. Hilo niligundua kwenye tabaka la kwanza, penye kizibo cha soda.

"Vipi?" nikakiambia.

Ngazi haikutikisika.

"Nilifunguliwa kwenye harusi ya babu yako," kikasema kizibo.

Nikatazama juu, hakuna aliyekuwa akiniona. "Shikamoo, kizibo."

"Marahaba. Pita."

Chini yake palikuwa na kifungo cha shaba cha koti la askari wa Kijerumani. Kilinitazama kwa matundu yake manne, kikaniamuru nibebe mzigo.

"Mzigo gani?"

"Wowote."

Huyo sikumwamkia. Nikamwambia kwamba babu wa babu yangu alimnyima maji aliyekivaa, na mimi namnyima salamu. Nilisubiri ngazi igome. Ikashuka yenyewe.

"Huyo si wa tabaka hili," akasema ng'ombe. "Aliingizwa na panya. Kuna tundu pale nyuma yake. Wachimbaji wanamjua, hawamhesabu."

Kifungo kikageuza uso ukutani.

Tabaka lililofuata lilikuwa la vigae vya vyungu. Vilikuwa vingi, na kila kigae kilijua neno moja tu.

"Wewe," kikasema cha kwanza.

"Kijana," kikasema cha pili.

"Unatukanyaga," kikasema cha mbali.

"Shikamooni nyote," nikasema, na hapo ilibidi ningoje, maana kila kimoja kilitaka kuitikia na vilikuwa vinatoka vyungu tofauti, vikagombana kipi kianze.

Juu, mwanga ulipungua. Mwavuli alikuwa amekaa mdomoni mwa shimo kama kifuniko.

"Gwamaka," akaita, "nimepata mwisho mwingine. Tunafukia na mwizi ndani. Watoto watajifunza."

Majembe yalianza yenyewe. Udongo ukaja, kwanza kama mvua ya manyunyu, kisha kwa makopo, kisha kwa ndoo. Nikasikia Chekeche likilalamika kwamba wanarudisha bila kuchekecha.

Nilishuka vipandio vya mwisho kwa makalio.

Chini kabisa palikuwa na jua. Palikuwa na uwanja wa nyumba, umefagiwa vizuri, na ukuta wa udongo ulioanguka. Msichana mdogo amechuchumaa mbele ya ukuta, anafukua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameufumba. Kando yake kuna kibuyu cha maji.

Ng'ombe akatetemeka mkononi mwangu mpaka nikaogopa atavunjika.

Msichana akasikia hatua, akageuka. Alikuwa amelia mpaka mashavu yamepauka. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa, na aliyesimama mbele yake ni mtu mwenye ndevu. Akapiga goti.

"Shikamoo, kaka."

Moyo ulinichangamka. Baada ya kizibo na vigae, hatimaye mtu anajua adabu. Nikafungua mdomo kuitikia.

"Usithubutu," akasema ng'ombe. "Hapa anayeitikia ndiye mkubwa, na mkubwa hulala chini ya mdogo. Ukisema marahaba, wewe ndiye utakayekuwa chini yake, na yeye na mimi na kilima chote tutakuwa juu ya kifua chako. Hakuna atakayechimba hadi hapo. Hata filamu haina hela hiyo."

Nikanyamaza. Msichana akabaki amepiga goti, salamu yake ikining'inia. Udongo ulikuwa ukituangukia mabegani. Uso wake ukaanza kukunjika tena, kwa sababu kuna jambo moja baya kuliko kupoteza ng'ombe wako, nalo ni kumwamkia mtu asikuitikie. Nilifahamu hapo kwamba nimeshawafanyia watu wengi jambo hilo, na kwamba wana nyuso.

Nikavua kofia ya mwizi. Nikapiga magoti yote mawili.

"Hapana, bibi," nikasema. "Wa kuamkia ni mimi. Wewe ni mkubwa wangu kwa mbali sana. Shikamoo, bibi."

Alinitazama. Akatazama nyuma yake kuona kama kuna bibi mwingine. Kisha akacheka, akaziba mdomo kwa ile ngumi aliyoifumba.

"Mimi ni kitindamimba," akasema. "Mimi ndiye ninayeamkia wote. Hakuna aliyewahi kuniamkia."

"Basi itikia."

"Inaitikiwaje?"

"Unasema marahaba."

"Marahaba," akasema kwa woga, kama anayejaribu kiatu cha mtu mzima. Akaona kimemtosha. Akanyoosha mgongo, akakunja uso vizuri kabisa, akasogea. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Nimekuletea mgeni."

Nikaushika ule mkono aliokuwa akifukulia, nikamwekea ng'ombe juu ya kiganja.

Hakulia na hakucheka. Alimgeuza, akamkagua nundu, akamkagua pembe iliyomeguka, akanitazama mimi kwa jicho la kulaumu kuhusu ile pembe. Kisha akaketi chini, akafungua ngumi. Mguu ulikuwa humo, mbichi, mdogo kama kipande cha chaki. Akachovya kidole kwenye kibuyu, akalowesha, akaubandika, akaulainisha kwa kidole gumba.

Akamweka ng'ombe chini, na ng'ombe akasimama.

Nilimwambia ng'ombe, "Haya, umefika kwa mama." Nilisubiri aseme neno lolote, kwa sababu alikuwa msemaji sana. Hakusema tena. Alikuwa kichezeo, na mwenyewe alikuwa amempata.

Msichana akaanza kumchunga uwanjani, akimwimbia kitu kisicho na vina wala mizani. Mimi ninayejua nilisikiliza nitafute kosa. Sikulipata.

Udongo ulikuwa umenifika kiunoni. Akaniona, akakumbuka kwamba ana mjukuu na mjukuu anaondoka. Akaja, akaniwekea kiganja kichwani, kama wakubwa wanavyofanya, akakibonyeza kwa nguvu ili nisikisahau.

"Nenda salama," akasema. "Uwasalimie wote."

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko vitu vyote vya kilima kile, udongo haukunifunika. Ulipita chini yangu. Kila ndoo waliyomwaga ilinipandisha. Nikapita vigae, vikaniaga neno neno. Nikapita kifungo, hakikugeuka. Nikapita kizibo. Nikatokea juu, Mwavuli akapinduka kwa upepo, ndani ukawa nje, na kutoka ukingoni nikasikia Mzee Ambakisye akiuliza kwa utulivu, "Na yule binamu yako wa Kyela, naye hajambo?"

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Shangazi Sekela amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

Aliliweka bakuli juu ya kiti. Naishi kwake mwaka wa pili sasa. Akaja akanigusa shingo kwa mgongo wa mkono.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Marahaba," akasema, bado haamini. Halafu akaacha kunigusa shingo. "Na kichwani umepakwa nini?"

Nikapeleka mkono. Juu ya nywele palikuwa na kitu kikavu, kinamomonyoka. Shangazi akanishika kidevu, akaniinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa udongo mwekundu, kiganja kizima na vidole vitano vimetanuka. Akauweka mkono wake juu yake kupima. Mkono wake ukaufunika wote.

"Huu ni mkono wa mtoto," akasema. "Nyumba hii haina mtoto. Mtoto gani huyo amekushika kichwa na tope lake, na wewe ulivyo, ukamwacha?"

"Si mtoto, shangazi," nikamwambia. "Ungemwona, ungemwamkia."